Tangi la Shuriye

Jumanne, baada ya swala ya alasiri, Khadijo alipindua kreti ya soda uani kwake mtaani Kiwanjani, akakaa, akaanza kukwangua rangi nyeusi kwenye tangi la pikipiki ya marehemu mumewe. Pikipiki ilikuwa imekaa chini ya gunia tangu vita vya shifta vya miaka ya sitini, kuku wakitaga kwenye kiti chake. Sasa ulikuwa mwaka wa themanini na moja, na Khadijo alitaka iwe kijani tena, kama siku ile Shuriye alipoondoka nayo kupeleka dawa za ng'ombe Sericho.

Aliyemrudisha Shuriye ni Dullo, mkubwa wa askari wa kizuizi cha barabarani. Alimleta akiwa tayari ameoshwa na kuvikwa sanda. "Ni ajali," alisema. "Msimfungue, ameharibika." Wakamzika hivyo hivyo. Pikipiki ililetwa baadaye, imepakwa rangi nyeusi ambayo hakuna mtu aliyeiomba.

Chini ya rangi hiyo msasa ulifichua matundu matatu ya risasi yaliyozibwa kwa lami. Khadijo alitia kidole katika kila moja. Hakulia. Hasira ilimpanda, akautupa msasa, akaing'oa lami kwa mafuta ya taa.

Uani palinuka mafuta ya taa, akawasha unsi, ule ubani wa kufukiza, kwenye chetezo. Hapo alikosea, maana zamani aliwasha unsi siku za Shuriye kurudi safarini tu. Magharibi ilipopita, Shuriye aliingia, akasalimu, akauliza kama kuna chai.

"Vua viatu," Khadijo akamwambia. "Huo mkeka nimeuosha leo."

Shuriye alikunywa. Chai ikamtoka kifuani kwa matundu matatu, ikichuruzika kwenye shati. Khadijo akaleta beseni. Jioni zilizofuata mume alifungua kabureta na kuisafisha, mke akapaka rangi, na beseni likabaki palepale. Salesio, fundi wa kuchomelea, alitia viraka kwenye tangi. Kulipokucha vilikuwa vimeanguka chini. Akatia vingine, navyo vikaanguka, akasema bati hilo halitaki na mtu asilibembeleze.

Khadijo alitaka kitu kimoja tu: Dullo aseme kwa mdomo wake mwenyewe alichofanya. Akamwita. Siku hizo Dullo alikuwa na duka kubwa mjini na kiti cha mbele katika kila mkutano. Alikuja na bakora yake, kanzu imepigwa pasi.

"Salaam aleikum, Shuriye."

"Aleikum salaam."

Dullo akakaa mbele yake, akapokea kikombe. Chai ya Shuriye ilipoanza kutiririka, alivuta kanzu yake isilowe.

"Ulinisimamisha, nikasimama," Shuriye akasema. "Nikazima injini. Nikakusalimu."

Dullo akamgeukia Khadijo. "Hiyo ilikuwa ajali mbaya sana. Pole, Mama Elmi."

"Si anaongea na wewe!"

"Maiti hawezi kutoa ushahidi, Mama Elmi." Akamaliza chai, akaisifu utamu, akaenda kuwahi Isha msikitini, safu ya kwanza. Mwizi wa ng'ombe ana haya kuliko mtu yule.

Khadijo alirusha kikombe chake ukutani. Shuriye akaokota vigae, akaendelea kukaza nati.

Pikipiki ilikamilika, kijani inang'aa. Kila jioni Shuriye huiwasha na kuzunguka nayo mjini. Petroli humwagika kwa matundu yote matatu na injini haizimi. Asubuhi huwa kuna mstari wa petroli unaotoka lango la Khadijo hadi kizingiti cha duka la Dullo, na Dullo ameajiri mtu wa kuuosha kwa sabuni kabla wateja hawajafika. Anayeuliza huambiwa kuna lori lililovuja. Watu huitikia kwa kichwa, huruka maji ya sabuni, huingia kununua sukari. Kwenye mikutano Dullo bado huketi mbele, na akitajiwa Shuriye husema Mungu amrehemu, barabara ile ni mbaya.

Adhuhuri Khadijo huchukua debe lake, huenda kituo cha mafuta, hurudi na kulijaza tangi tena.