Mgeni wa Chuo na Mjukuu Wangu

Mimi mtu anayeuliza maswali huku anatabasamu simwamini. Goodness alianza kutabasamu tangu mlangoni. Mwenyekiti wa kitongoji ndiye aliyemleta hapa kwangu Zagayu, akasema ni mtafiti wa chuo kikuu, anaangalia hali ya watoto ili sera za familia ziboreshwe. Akamwacha, akaenda zake.

Nilimpa kigoda, kumnyima ingekuwa aibu. Akauliza tunakula mara ngapi kwa siku, na kama mjukuu wangu Mektilda anakwenda shule. Hayo nilijibu. Kisha akauliza baba wa mtoto yuko wapi, na kama alitoa mahari. Hapo nikamshtukia.

Baba yake, Masunga wa Mwandoya, hakutoa hata ndama. Kwetu, mtoto wa namna hiyo ni wa ukoo wa mama, mpaka baba alete ng'ombe amkomboe. Na tangu pamba ya mwaka huu iuzwe, watu wanasema Masunga ana ng'ombe sasa, anamtaka binti yake. Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Nikamtazama Goodness na kishikwambi chake, nikajiambia huyu katumwa. Anakuja kuninyang'anya mtoto niliyemlea tangu mama yake, Flora, alipokwenda Mwanza kutafuta kazi.

"Hana baba," nikasema.

"Na mama je, mayu?" akauliza, akiniita mama kwa Kisukuma. "Tunaweza kumpigia simu?"

Namjua binti yangu. Flora ukimuuliza neno moja anamwaga gunia zima.

"Mama yake alikufa."

Goodness akanipa pole, akaandika. Akasema ninaweza kukataa swali lolote, na majina yetu hataonyeshwa mtu. Hata aliyetumwa angesema hivyohivyo. Nikamsindikiza mpaka barabarani nihakikishe ameondoka kweli, nikarudi nikijisifu kwa kumshinda msomi.

Mektilda alikuwa nyuma ya nyumba, chini ya dirisha, na karanga nilizompa amenye hajazigusa. Ana miaka minane.

"Bibi, mama alikufa lini?"

Nikacheka. Nikamwambia yale yalikuwa maneno ya kumfukuzia mgeni, mama yake ni mzima. Akauliza mbona basi hakuja Krismasi. Nikachukua simu nimpigie Flora ili amsikie mwenyewe. Haipatikani. Nikapiga tena, nikapata yaleyale. Nikamweleza kwamba mama yake huzima simu akiwa kazini, nayo ni kweli kabisa, lakini niliogopa, na sauti yangu ikatoka kama ya mtu anayedanganya.

Nilimshika Mektilda mkono, akauchomoa taratibu.

"Sasa mbona hatukumlilia?" akasema.