Ambia Mama Tuzime Kwanza

Mama yangu Mianda, ukimuambia "ngoja", ni sawa umemutukana. Mi ni mutoto wake, minamujua. Ile asubui, hapa kwetu Musonoi, kamiyo ya mujomba Kanku ilikataa kuwaka, batri imekufa, na juu yake kulikuwa tomati ya mama ya kuuzisha ku soko ya Kisenge. Jua inapanda. Tomati haingojake mutu!

Njo pale muchumba wangu Mukalay alifika na motokari mupya ya citoyen Nkulu, patron mwenye alimuandika kazi ya dereva. Alipita kusalimia tu. Mama, vile alisikia ule moteur, akapiga mikono: "Mungu ametukumbuka! Kanku, leta clé ya kufungulia, tosha ile batri!"

Kwetu kila mutu anafanyaka vile. Batri haipatikane mu magasin, alors moja inaamusha kamiyo tatu: unawasha ya kwanza, unaiacha inanguruma, unatosha batri inje, unaipeleka kwa ya pili. Kamiyo za zamani hazina neno na ile.

Mukalay aliweka mukono juu ya capot, kifuniko ya moteur. Hakumuangalia mama. Mukwe haangaliake mama-mukwe mu macho, hamusemeshake mudomo kwa mudomo. Maneno yote inapita kwa mi.

"Ngalula," akasema polepole, "ambia mama tuzime moteur kwanza. Hii motokari iko na boîte, kisanduku ya électronique, njo inatumaka moto ku moteur. Alternateur inafanya courant ya umeme, batri inaimeza. Ukitosha batri wakati moteur inazunguka, ile courant inaruka mara moja, inakosa fasi ya kwenda, inapiga boîte, inaiunguza. Tuzime, tutoshe, tuwashe kamiyo, tuirudishe. Ni kidogo tu."

Mama alikuwa pale pale, alisikia yote. Mi nilirudilia neno kwa neno, maana njo desturi.

"Tuzime!" mama akalia. "Na kamiyo ikimaliza batri, tutabaki na bitu bibili bimekufa, nani atasukuma? Muambie mi nilianza kupanda kamiyo mbele mama yake hajamuzala. Ao anaogopa patron kuliko mama ya bibi yake? Kama ni vile, mi sina mutoto wa kumupa!"

Majirani balisikia. Haya ilinipanda mu shingo, ya mama na ya Mukalay pamoja, juu mukwe akikataa neno ya mama-mukwe mbele ya bantu, bukwe imekufa. Nilitamani udongo ufunguke.  Mukalay alichukua clé yeye mwenyewe, akafungula batri, moteur ikinguruma.

Hakukuwa hata kelele. Moteur ilikohoa, ikazima. Harufu ya plastiki yenye kuungua ikatoka chini ya capot.

Batri iliwasha kamiyo, ndiyo. Kanku akaitosha, akairudisha, akaenda na tomati ya mama. Mais motokari ya patron, tulijaribu, tukajaribu: démarreur inazunguka, moteur haiwake. Mama alianza kufagia kiwanja chenye alikuwa amekwisha kufagia. Mukalay alilomba vijana ba kumusaidia, bakaisukuma mupaka kwa patron, na mama hakuinua kichwa mupaka bakapotea.

Kesho yake habari ilifika: Mukalay amefukuzwa. Alimuambia patron ni yeye alitosha batri, kwa kichwa yake mwenyewe. Jina ya mama hakuitaja.

Mama alikuwa anatwanga pondu, majani ya muhogo. Aliacha muchi ndani ya kinu, akafunga kitambaa ku kichwa. "Twende," akasema.

Tulimukuta Mukalay ku mulango ya patron, anarudisha funguo. Citoyen Nkulu alisimama na abacost yake, suti ya bakubwa, uso umefungwa. Mama alikunja magoti. Mama yangu, mwenye hapigie mutu magoti!

"Citoyen, ni mi nilimulazimisha. Alikataza, mi nikalalamika. Unifokee mi."

"Mama, dereva wangu ni wewe?" patron akauliza. "Funguo ilikuwa mu mukono ya nani? Ile boîte inatoka Ulaya, wewe utaenda kuichukua? Mutu mwenye kujua na anafanya, njo mubaya kuliko mwenye hajue." Akaingia, akafunga mulango.

Tukabaki batatu mu njia. Hapo mama alifanya kitu sijaona mutu wa kwetu kufanya. Alimugeukia mukwe wake, akamuita kwa jina, mudomo kwa mudomo: "Mukalay, juu ya nini haukukataa?"

Mukalay aligeuza uso wake ku ukuta.  Mi nilijua anataka kumupa mama njia ya kutokea mu ile haya.

"Ngalula," akasema, "ambia mama si batri. Ile boîte ilikuwa mugonjwa tangu mbele. Ilikuwa ya kufa tu."

Bongo, si kweli. Mama alijua ni bongo, mi pia, na yeye alijua tunajua. Mama alikuwa karibu kuliko mi, alisikia kila neno.  Mais aliniangalia mi, machozi inashuka, akangojea neno ipite kwa mi.

Nikamugeukia mama yangu. "Mama," nikasema, "anasema si batri."