Maumivu Yaliyobaki Uwanjani

Jumanne saa nne asubuhi, katika chumba cha mazoezi ya viungo nyuma ya zahanati moja ya Mikumi, mtaalamu wa viungo Octavian alizungusha tepu ya fundi cherehani kwenye goti la kulia la Yusta, akaandika namba, akazungusha kwenye la kushoto, akaandika tena. La kulia lilimzidi mwenzake sentimita tatu. Kisha akamlaza kitandani, akashika kisigino na kuanza kulikunja goti polepole.

"Niambie likianza kuuma," alisema.

Yusta alisubiri. Octavian alikunja, akakunja, mpaka kisigino kikakaribia kalio, na goti lililovimba kama papai halikusema neno. Akaliachia upesi, akaenda kunawa mikono. Ndiyo namna yake ya kufikiri.

"Siku uliyoumia ulichomwa sindano ya ganzi ili umalize mechi?"

"Ndiyo."

"Na nani?"

"Mwenyekiti wa timu yetu, Cosmas."

"Basi maumivu yako yamebaki uwanjani. Kayachukue, ndipo tuanze."

Yusta aliuliza kama yatakuwa bado yapo, kwa kuwa miezi mitano ilikuwa imepita. Octavian alimjibu kwamba maumivu hayana pa kwenda bila mwenyewe.

Yusta alikuwa mshambuliaji wa timu ya wanawake ya Kilosa, umri miaka ishirini, jezi namba tisa. Siku hiyo ya sindano, kwenye nusu fainali, alicheza dakika thelathini na goti lililolegea, akafunga bao, akabebwa juujuu mpaka sokoni. Tangu hapo goti lilikuwa likimwangusha hata akienda kisimani, na kwa vile halikumwonya lilipochoka, alilichosha kila siku ya Mungu. Watu walimwambia akapasuliwe. Octavian alisema kano haijakatika yote, kwa hiyo kisu kikae kando, itashika kwa mazoezi ya wiki kumi na nne.

Wiki kumi na nne! Ya kumi na tano, waangalizi wa timu ya ligi kuu wangefika Kilosa kutazama mechi moja tu, na wasingerudi tena mwaka huo. Yusta alihesabu mara mbili kwa vidole, akacheka peke yake hadi nesi akachungulia mlangoni.

"Lakini bila maumivu yako sikugusi," alisema Octavian. "Yenyewe ndiyo breki."

Alasiri hiyohiyo Yusta alishuka Kilosa na kwenda moja kwa moja uwanjani. Mzee Lupakisyo, mtunza uwanja, alikuwa akichora mistari kwa chokaa.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umemfuata mwenzio? Yule pale wa mwisho. Masika yote kanyeshewa palepale."

Benchi la wachezaji wa akiba lilikuwa na nafasi kumi na lilikuwa limejaa. Maumivu yalikaa kwa mstari, yamevaa jezi za misimu mbalimbali, haya yameshika goti, yale kifundo, mengine nyonga. Ya kwanza kabisa yalikuwa ya Namunyak, winga wa miaka minne iliyopita. Wachezaji wa akiba walikwisha kuzoea kukaa kwenye majani. Maumivu ya Yusta yalifanana naye kila kitu, ila matope ya ile nusu fainali yalikuwa bado yameyakaukia soksini. Yalipomwona yalisimama, yakajifuta, yakamfuata bila kinyongo.

Hatua ya tatu tu, yakamfikia. Dakika thelathini za siku ile, alizokuwa hajazilipia hata moja, zilimwingia zote pamoja. Yusta alikaa chini kwenye mstari mbichi wa chokaa akalia kwa sauti, na mzee Lupakisyo akahamia upande wa pili wa uwanja ili asimsumbue. Alipomaliza alijihisi mwepesi, tena mwenye njaa kali. Akanunua mihogo ya kukaanga, wakala wote wawili njiani kwenda Chanzuru.

Mama yake, Costancia, aliwapokea mlangoni, akaongeza kikombe cha unga kwenye sufuria. Alikuwa mkulima wa vilimani aliyelelewa na misheni, na nyumba yake haikuwa na desturi ya kumhoji mgeni kabla hajala. Siku mbili maumivu yalikaa mkekani, yakala, yakaitikia sala. Siku ya tatu, kabla jua halijachomoza vizuri, Costancia aliyakabidhi jembe.

"Mgeni siku mbili," alisema. "Kule bondeni kuna magugu."

Hapo ndipo alipokosea, kwa sababu aliyalimisha nusu eka kwa siku moja, kama mgeni yeyote mwenye afya, na jioni Yusta hakuweza kuinuka kitini. Jumanne iliyofuata Octavian alimwandikia Costancia dozi kwa wino mwekundu: matuta mawili asubuhi, mawili jioni, kila wiki aongeze tuta moja. Costancia aliibandika karatasi ile ukutani, karibu na kalenda ya kanisa, na hakuivunja hata mara moja.

Kazi ikaanza kweli. Kila Jumanne Yusta na maumivu yake walikwenda Mikumi. Yeye alikaza paja, akainua mguu ulionyooka, akapanda na kushuka ngazi tatu za mbao, akavuta ukanda wa mpira uliofungwa kwenye mguu wa kitanda. Maumivu yalikaa pembeni juu ya kigoda. Mahali pa kukomea palipofika, yaliinua mkono kama mwanafunzi, na Octavian akasimamisha zoezi hapohapo. Wiki ya pili mkono uliinuka kila baada ya pumzi mbili. Wiki ya tano Yusta alichuchumaa mara kumi na mbili ndipo ukainuka, tena nusu nusu. Octavian alipiga meza kwa furaha hadi tepu ikaanguka.

Na maumivu yalikuwa yakipungua. Wiki ya saba soksi zilianza kuyavuka magoti. Wiki ya tisa Costancia alilazimika kuyatafutia jembe la mpini mfupi. Wiki ya kumi goti la kulia na la kushoto yalisoma namba ileile kwenye tepu. Wiki ya kumi na moja Yusta alikimbia mara ya kwanza, pembeni ya barabara kuu ya Mikumi, maumivu yakimfuata mbio kwa miguu mifupi. Tembo watatu walisimama ng'ambo wakiwasubiri wapite. Upepo ulimjaa mdomoni. Aliomba aongezewe mita mia, akaongezewa, akaomba nyingine, Octavian akamwambia tamaa mbele, mauti nyuma.

Siku hiyo alimkuta Namunyak stendi na madumu yake ya maziwa, anachechemea kutoka basi hili kwenda lile. Yusta alimweleza benchi lilivyo, na nani amekaa wa kwanza.

"Najua," alisema Namunyak. "Nilipita nikamwona. Mdogo wangu, mimi niliambiwa mguu ndio basi, nikakubali. Nikimchukua leo, nikapona, nitajua nimepoteza nini. Mwache tu akae."

Akamjazia kikombe, akakataa shukrani.

Yusta hakuweza kunyamaza. Alikwenda dukani kwa Cosmas, akamwambia kwamba maumivu tisa yamebaki pale, na kwamba wenyewe wamelemaa.

"Si tisa, ni kumi," alisema Cosmas. "Nafasi yako ilijazwa wiki ya sita tangu uyachukue yako. Binti yangu, mimi nikimtoa mchezaji, timu ifungwe, wewe waangalizi utawaona wapi? Haya, goti linaendeleaje? Tunakutegemea."

Aliuliza kwa upendo wa kweli, na hilo ndilo lililomkera Yusta mpaka usingizini.

Jumamosi ya mwisho wa wiki ya kumi na nne, maumivu, ambayo sasa yalimfikia Yusta kiunoni, yalifua jezi, yakaikunja, yakapiga hodi jikoni kuaga. Costancia aliyafungia unga wa safari kwenye kitambaa. Yusta aliyasindikiza hadi relini, akayashika mkono mdogo, mgumu kwa jembe, na hakujua aseme nini zaidi ya asante. Yakaondoka upande wa Kidete, juu ya mataruma, bila kuchechemea hata kidogo.

Siku ya mechi Kilosa yote ilihamia uwanjani. Waangalizi wawili walikaa chini ya mwavuli na madaftari yao. Yusta aligusa mpira wa kwanza, akageuka kwa goti la kulia, goti likamgeuza, naye akahisi kama amerudishiwa nyumba yake na funguo zote. Alikimbia, akaruka, akaanguka, akainuka. Kwenye majukwaa Costancia alikuwa amesimama juu ya kiti cha watu.

Dakika ya sitini Doris, kiungo wa miaka kumi na saba, aliteguka kifundo. Cosmas alifika na sindano kabla ya mtu wa machela.

"Mwenyekiti, atoke," alisema Yusta. "Doris, toka. Wiki nane tu utapona, mimi nitakupeleka."

"Dada, hata mimi wananitazama," alisema Doris, na akanyoosha mguu mwenyewe.

Sindano iliingia. Maumivu ya Doris yalimtoka kifundoni, yakachechemea kuvuka mstari kuelekea benchini. Refa akapuliza. Dakika ya themanini na moja Doris, kwa mguu usiosikia kitu, alipiga pasi ndefu iliyokata mabeki wanne, ikashuka mbele ya Yusta. Yusta akafunga. Uwanja uliruka, waangalizi wakaandika, na Yusta, chini ya mlima wa wenzake, alilia kwa furaha na aibu asiweze kutenganisha kipi ni kipi.

Baada ya kipenga waangalizi walimwita. Wiki ijayo, Dar es Salaam. Alikubali kabla hawajamaliza sentensi, kisha akakimbia kumtafuta Doris.

"Jumanne twende Mikumi kwa Octavian."

"Kufanya nini?" Doris alikuwa akirukaruka kwa mguu uleule, anacheka. "Mimi mzima, dada. Tazama."

Maumivu yake yalikuwa yamesimama nyuma ya benchi lililojaa, mguu mmoja juu, hayana pa kukaa. Mzee Lupakisyo aliyaona. Cosmas pia aliyaona, akaguna kwa huruma, akatoa simu.

Jumatatu fundi Deo alileta benchi la pili, mbao za mninga zilizopigwa msasa vizuri, na bati juu la kuzuia mvua. Lilikuwa la watu kumi na wawili.