Mfalme Aliyesuguliwa kwa Jivu

Jumamosi asubuhi, huko Mansfield, karibu na Dallas, Flaviana alimaliza kumwogesha mzee Whitfield, akamkalisha dirishani, kisha akaona sarafu za fedha za mzee kisandukuni zimepiga weusi. Akaona aibu kwa niaba ya nyumba. Akachota jivu kwenye meko ya sebuleni, akakata limau, akaisugua moja kwa steelwire kama anavyosugua sufuria kwao Bukoba. Jamani, ikang'aa!

Aliyechorwa pale, mfalme wa Baktria, ufalme wa kale uliokwisha zamani, mwenye kofia bapa, akapiga chafya.

"Asante, mama," akasema. "Miaka elfu mbili na mia mbili sijaoshwa uso."

Alisema Kiswahili, maana kwa miaka mitatu alikuwa akimsikia Flaviana akiongea na nyumbani kwa simu. Flaviana akamjibu, "Karibu," akamfuta pua.

Mchana akaja Grant, mtoto wa mzee. Ndiye aliyemwajiri, na kwa mshahara wa kazi hiyo binti wa Flaviana alikuwa akisomea uuguzi. Grant akaona mikwaruzo, akaeleza kwa upole kwamba sarafu ya kale haisuguliwi, weusi ule ndio thamani yake. Basi, yamepita. Ila mfalme alikuwa bado akiongea Kiswahili chake, na Grant alitaka kujua anasema nini, kwa sababu mnada wa sarafu hizo ulikuwa Jumatatu na wanunuzi wangeuliza.

Flaviana akatafsiri. Mfalme anashukuru kwa kuoshwa. Grant akatabasamu, akaandika. Mfalme anaendelea: alizikwa na marehemu mmoja huko Balkh, nchini kwake, juzijuzi tu, kama miaka minne hivi, wezi wakavunja kaburi, wakamtorosha ndani ya gunia la zabibu kavu. Anaomba arudishwe.

Hilo angeweza kuliruka. Alijua kabisa, akamfikiria binti yake. Lakini mtu kakushukuru vile, unamkatia maneno vipi? Akalitafsiri lote.

Grant akafunga daftari. "Hilo hakulisema," akasema, akamwambia Flaviana kesho asije.

"Umefukuzwa kwa ajili yangu," mfalme akasema.

"Wala usijali, baba. Miaka mitatu humu ndani, asante ya kwanza nimeipata kwako. Nashukuru mno, kwa kweli."

Akalia kidogo, akamfunika mzee miguu, akachukua mkoba wake.

Jumatatu mfalme aliuzwa Dallas. Karatasi yake ya mnada ilisema: asili haijulikani, anaongea, anashukuru.