Chacha na Chifu wa Waseneka

Chacha alizijua vita na suluhu za Waseneka kuliko alivyowajua shangazi zake wa Tarime. Huo ulikuwa mwaka wake wa tatu Guangzhou, Uchina, anasoma kwa ufadhili, anaandika tasnifu juu ya Gaiantwaka, chifu wa Waseneka huko Amerika. Chifu huyo alipigana na Wamarekani akiwa upande wa Waingereza. Vita vilipokwisha, akawaendea Wamarekani hao hao kuzungumza, watu wake wasije wakakosa hata pa kulima.

Kichekesho ni kwamba Chacha, bingwa huyu wa suluhu, alikuwa amenuniwa. Liévin, mfanyabiashara wa Lubumbashi, ndiye aliyempokea siku ya kwanza na kumlaza chumbani kwake mtaa wa Sanyuanli miezi mitatu. Sasa hawakuwa wamesemezana mwezi mzima, na kesho yake Liévin alikuwa anarudi kwao moja kwa moja. Mara mbili Chacha alimwendea na hoja zilizopangika, ya kwanza hadi ya tano. Mara mbili alijibiwa "meiyou", hakuna, kama mteja aliyeulizia kiatu kilichokwisha dukani.

Asubuhi hiyo alikuwa anapitia sura ya nne, ya desturi. Waseneka na ndugu zao hawakugusa habari za vita wala mipaka kabla ya kufutana machozi, kuzibuana masikio na kusafishana koo kwa maneno ya pole, maana mfiwa hasikii. Chacha akarudia kusoma. Sura hiyo aliimaliza wiki ile ile Liévin alipofiwa na mama yake. Wenzao wote walikwenda kwenye kilio hapo hapo Guangzhou. Yeye alituma ujumbe wa simu kwamba ametingwa. Msomi mzima! Alitingwa na kuandika jinsi watu wanavyopeana pole.

Akapanda metro. Alimkuta Liévin kwenye ofisi ya mizigo, anafunga marobota.

"Umeleta hoja ya sita?" Liévin aliuliza bila kugeuka.

"Sina hoja. Mama alikuwa anaitwa nani?"

Mikono ya Liévin ikasimama.

"Miaka tatu, mon frère. Hukuniulizaka."

"Sikukuuliza, na msibani sikuja. Nilikosa. Pole, ndugu yangu."

Liévin akaketi juu ya robota, akajifuta uso kwa shati.

"Albertine," alisema. Akasogea kumpisha. "Ikala. Alikuwaka mama ya makelele, ule."

Chacha akakaa. Nje dereva wa mizigo alipiga honi mara tatu, na hakuna aliyeinuka.