Rambirambi za Kalista

Ndoa ya Kalista ilivunjika huko Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, akarudi kwao karibu na Inyonga na begi moja. Alikuta shamba la marehemu baba yake limechoka. Baba alikuwa mtu wa tumbaku, na kila msimu alikata miti ya kuwasha moto kwenye bani la kukaushia majani, mpaka nyuma ya nyumba pakabaki visiki na vumbi. Mama yake, Mariana, alikuwa akihangaika na mahindi yanayofika magotini kisha yananyauka. Mdogo wake, Krispini, alikuwa zake Mpanda mjini, mtaa wa Nsemulwa, akiendesha magari ya watu.

Kalista hakutaka tumbaku. Alipanda miparachichi, mikorosho na migunga, na katikati ya mistari akaweka mahindi na karanga. Majirani walimcheka. "Kaachika huko ziwani, sasa amekuja kulima msitu," walisema kisimani, naye akiwa palepale anajaza ndoo. Kiangazi chote alibeba maji kichwani. Miche mingine ilikufa, akapanda tena. Baada ya misimu kadhaa majani yalianza kudondoka na kuoza, udongo ukawa mweusi, mahindi yakabeba. Pembeni, miombo ilipoanza kuchipua kwenye visiki, akatundika mizinga ya nyuki.

Wazo la wageni lilikuwa la Krispini, na Kalista alimshukuru kwa hilo mbele ya watu. Krispini alianza kuwaleta watalii waliotoka mbugani Katavi, watu waliokwisha kuona viboko na twiga na sasa wanataka kuona maisha ya mwananchi. Waligawana kazi. Krispini, aliyejua Kiingereza, aliwatembeza na kueleza. Kalista alilina asali mbele yao huku moshi ukimtoa machozi, akapika kuku na samaki wa migebuka, akawaandalia meza ndani ya bani la zamani walilolifagia na kulipaka chokaa.

Krispini alikuwa mchangamfu, na wageni walimpenda. Siku moja alimwambia dada yake, "Tupange mawe kuzunguka ule mparachichi wa kwanza, uyapake chokaa. Papendeze kwa picha." Kalista aliyaokota mawe mtoni, akayapanga duara na kuyapaka yeye mwenyewe. Baadaye aliona wageni wakifika pale wanavua kofia. Alisikia jina lake likitajwa kwenye maneno ya Kiingereza, akaona wanainamisha vichwa. Alijua mdogo wake anamsifia. Akawa anawapungia mkono kutoka jikoni.

Ilikuwa hivyo mpaka alipokuja Marsela.

Marsela alikuwa muuguzi mstaafu wa Sumbawanga, amefuatana na wageni wa parokia yao waliotoka Ulaya. Wenzake walipobaki kupiga picha, yeye aliingia jikoni, akavuta kigoda na kuanza kumsaidia Kalista kuchambua kisamvu.

"Pole sana, mwanangu," alisema.

"Nishapoa mama. Pole ya nini tena?"

"Ya bosi wako. Kijana ametusimulia. Dada mtu kapanda miti yote hii, halafu anakufa hata parachichi moja hajaonja, shamba kamwachia yeye. Mimi nimelia. Tumemwekea maua pale kaburini."

Kalista aliacha kuchambua. "Kaburi lipi?"

"Si lile la mawe meupe? La marehemu Kalista."

Kwanza alidhani mama huyu amechanganya mambo. Halafu akakumbuka zile kofia mikononi na vile vichwa vilivyoinama, na yeye akipunga mkono.

"Na mimi amesema ni nani?"

"Mpishi," alisema Marsela, sasa akimtazama vizuri. "Kwani wewe ni nani?"

Kalista aliinuka. Alitoka, akamvuta Krispini nyuma ya jiko.

"Mimi nimekufa lini?"

Krispini aliangalia pembeni, akacheka kidogo. "Dada, hiyo ni biashara tu. Wageni wanapenda stori. Mashamba ya kawaida wameyaona mengi. Nikiwaambia hivyo wanaguswa, wanaenda kuambiana. Kwani umepungukiwa nini? Si upo?"

"Umenichimbia kaburi, Krispini. Nimelipaka chokaa kwa mikono yangu."

"Ni mawe yale! Halafu usipige kelele. Hata mama anajua."

Mariana alikuwa barazani anamenya karanga. Kalista alisimama mbele yake, na kabla hajafungua mdomo aliona jinsi mama yake alivyoinamia ungo. Akajua ni kweli.

"Mama, ulijua?"

"Alinieleza," alisema Mariana taratibu. "Nilimkemea mwanzoni. Nikamwambia mtoto wangu mzima hatajwi hivyo, ni mkosi. Lakini wageni wakaendelea kuja, na wewe ukaendelea kuwa mzima. Nikaona labda hakuna ubaya."

"Hakuna ubaya?"

"Wewe una nguvu, Kalista. Ukianguka unainuka. Mdogo wako ni mwanaume, anahitaji kuwa na chake. Nawe siku moja unaweza kuolewa tena, uondoke."

Kalista alitamani kulia, machozi yakakataa. Alinawa mikono kwenye ndoo, akaenda moja kwa moja kwenye mparachichi walipokusanyika wageni.

"Mama Marsela, naomba uwatafsirie. Kalista ni mimi. Sijafa. Hii miti nimeipanda mimi."

Marsela alitafsiri. Wageni wakatazamana. Krispini akaja mbio akitabasamu, akawaambia jambo kwa Kiingereza huku akigusa kichwa chake kwa kidole.

"Anasema nini?" aliuliza Kalista.

Marsela alisita. "Anasema msiba umekuvuruga akili."

Kalista alimtazama mdogo wake, mtoto ambaye yeye ndiye alimbeba mgongoni mama yao akiwa shambani. Krispini hakumtazama. Marsela alipaza sauti kuelekea barazani: "Mama mwenye nyumba! Njoo utusaidie. Huyu binti ni nani?"

Mariana alikuja polepole, akisimama kila baada ya hatua chache. Alimtazama mwanaye wa kiume, akamtazama wa kike.

"Mimi ni mzee," alisema. "Mambo ya vijana msinihusishe nayo." Akageuka kurudi.

Marsela aliushika mkono wa Kalista na kuwageukia wenzake. Alizungumza kwa ukali, maneno mengi. Mgeni mmoja aliinama, akayaokota maua kimyakimya, asijue ayapeleke wapi. Chakula hawakukigusa. Walipanda gari, na Krispini akaliendesha kwa kasi bila kuaga.

Wiki hiyo baba wadogo waliitisha kikao. Walimlaumu Krispini, wakamlaumu na Kalista kwa kumwaibisha mdogo wake mbele ya wageni, kisha wakataka wapeane mikono yaishe. Krispini alinyoosha wake. Kalista alibaki na mikono mapajani.

"Shamba nitalilima," alisema. "Yeye asilete mtu hapa."

Krispini akawa anawapeleka wageni kwingine. Kwa miezi mingi hakuna gari lililokata kona kuingia kwao. Kalista aliuza asali na parachichi sokoni Inyonga, akaona jinsi kipato kilivyopungua, na hakumwita. Msimu wa asali ulipofika tena, Marsela alirudi na akina mama wa jumuiya yake. Kalista aliwatembeza mwenyewe kwa Kiswahili chake, akawaonyesha udongo chini ya migunga, akawaacha wauchote mkononi. Sauti yake ilitetemeka mwanzoni, baadaye ikatulia.

Jioni, walipoondoka, Mariana alimfuata alipokuwa anachuja asali, akaketi.

"Mwanangu, siku ile nilishindwa kusema."

"Ulisema, mama. Wote walikuelewa."

Mariana alifuta uso kwa ncha ya kanga. Kalista hakumfukuza, wala hakumsogelea. Aliendelea kukamua masega, asali ikishuka taratibu kwenye ndoo.