Nguzo Isiyo na Saruji

Wafanyakazi wa kiwanja walimbandika mhandisi jina la Mama Majivu, naye hakuwakasirikia. Zege alilotaka kumwaga kwenye nguzo za msingi wa hospitali mpya, zile zinazozama ardhini kabisa, halikuwa na saruji hata chembe. Lilishikwa na majivu ya makaa na mabaki ya tanuri la chuma yaliyosagwa. Saruji, alieleza, huchomwa kwa moto mkali mno, na moshi wake unaharibu hewa ya wote.

Msimamizi wa uchimbaji alikuwa shemeji yake, kaka wa mumewe, mtu aliyezeekea kwenye misingi. Alimtania mbele ya watu kwamba majivu ni ya kusugulia sufuria.

Siku ya saba baada ya nguzo ya kwanza kumwagwa, vipande vya majaribio vya zege lake vilivunjwa kwenye mashine. Vilifikia nusu tu ya nguvu iliyotakiwa. Shemeji akasimamisha mtambo wa kuchimba, akasema saruji iletwe. Hatajenga hospitali juu ya uji.

Mhandisi hakubishana. Aliviokota vile vipande akavikagua. Vilijaa vitundu kama mkate: maji yalikuwa yamezidi. Akarudia hesabu zake mara tatu, zikawa sawa. Basi akamfuata shemeji yake kwenye kibanda cha zana, akamuuliza taratibu kama kuna aliyeongeza maji.

Shemeji alifuta mikono iliyokwisha kuwa safi.

"Ni mimi," akasema. "Lilikuwa linanata kama gundi. La saruji likikaza hivyo huwa tunalipiga maji kidogo."

"Hili kunata ndiyo tabia yake, shemeji. Tumwage nguzo nyingine. Mpira wa maji nitaukalia mwenyewe."

Na kweli aliukalia, asubuhi nzima, huku zege likishuka shimoni polepole bila mtu kuliharakisha.

Siku ya ishirini na nane tangu imwagwe, wakaifungia nguzo ile ya pili jeki, wakaikandamiza kwa uzito mara mbili ya ule itakaoubeba. Shemeji hakukubali mtu mwingine asome kipimo. Alipiga magoti kwenye tope, miwani puani, tangu asubuhi hadi alasiri. Nguzo ilizama milimita nne, ikagoma kushuka zaidi.

Akatia saini karatasi ya majaribio. Kisha akawakusanya wafanyakazi, akawaambia kosa la nguzo ya kwanza lilikuwa lake, si la zege, na kwamba nyingine itachimbwa kando yake. Mhandisi akajifanya anatafuta kalamu.

"Washeni mtambo," shemeji akasema. "Zimebaki arobaini."